Mtu wa Mwanga kununua mwanga: taa ya luksi 10,000 baada ya baridi moja ya Aberdeen

Nimezaliwa Mwanga, Kigoma, nyuma ya soko, kwa hiyo utani ninaujua na naomba tuumalize mapema: ndiyo, mtu wa Mwanga alitoa pauni 45 akanunua mwanga. Kwa viwango vya siku ile ilikuwa kama laki moja na arobaini na tano. Mama yangu anauza dagaa Kibirizi na mali yake yote anaianika kwa jua la bure. Alipotajiwa bei aliuliza, "Na inapika?"

Haipiki. Haina hata joto la kuotea mikono. Ni kibao cheupe cha ukubwa wa kauntabuku, ndani kuna taa ndogondogo za LED, mbele plastiki nyeupe kama maziwa, nyuma kimguu cha kukisimamisha mezani, na kitufe kimoja. Huko wanaziita taa za tiba ya mwanga, za watu wanaolemewa na giza la majira ya baridi. Kampuni silitaji jina lake, maana zinazofanana na hii ni nyingi na kasoro nitakayoisema wanayo wengi. Niliitumia kuanzia katikati ya Novemba 2023 hadi mwisho wa Machi 2024, nikisoma shahada ya uzamili ya mambo ya uvuvi Aberdeen, Uskoti. Sasa nimerudi nyumbani, na kila mwezi kuna kijana wa hapa anayejiandaa kwenda kusoma Ulaya au Kanada ananifuata kuniuliza habari za makoti. Makoti mtayapata hukohuko, tena ya mtumba. Mimi nataka niwaeleze taa.

Kigoma iko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, na kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi huku tunafuata saa ya Dar es Salaam, jua letu linachelewa kidogo: linachomoza inapokaribia saa moja asubuhi na kutumbukia nyuma ya milima ya Kongo inapokaribia saa moja jioni. Januari ni hivyo, Julai ni hivyo. Nilikuwa silifikirii jua, kama usivyofikiria sakafu unayoikanyaga. Aberdeen iko nyuzi 57 kaskazini. Wiki ya Krismasi jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi, linatambaa chinichini juu ya mapaa kama mtu anayetafuta sindano, na saa tisa na nusu alasiri limeshaondoka. Hapo ni siku lilipoamua kutoka. Mji wenyewe umejengwa kwa mawe ya kijivu, na mawingu yake ya kijivu, na bahari yake ya kijivu. Nilikuwa naingia maabara gizani na kutoka gizani.

Mwanzoni mwa Novemba nikaanza kulala. Usingizi wa saa kumi na moja, kumi na mbili mfululizo, na bado naamka mzito kama wavu uliolowa. Nikawa nataka wanga tu: mkate, biskuti, viazi, mkate tena. Sufuria yangu ya wali ilikaa kwenye sinki siku tisa. Wenzangu wa jikoni walibandika kikaratasi, kwanza chenye kichoro cha tabasamu, kisha kingine kisicho na tabasamu. Kundi la WhatsApp la Watanzania wa kule niliacha kulijibu. Nilikuwa nafungua takwimu zangu za samaki, naziangalia, nazifunga, narudi kitandani na viatu.

Nyumbani kwetu hali hiyo ina majina mawili. La kwanza ni uvivu, na dawa yake inajulikana. La pili ni kichaa, na mazungumzo yakifika hapo yanaelekea moja kwa moja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Katikati hapo palikuwa patupu. Neno sonona, ugonjwa wa moyo kuzama na nguvu kuisha, nilikuwa nimelisikia redioni jinsi mtu wa Kigoma anavyosikia bei ya korosho: jambo la kweli, lakini la mkoa mwingine. Kwa hiyo nilijipa jina la kwanza, nikajitukana kwa jina hilo wiki mbili nzima, na kujitukana hakukuosha sufuria.

Aliyenitoa hapo ni dada mmoja wa Kighana tuliyekuwa naye maabara moja, yeye akiwa kwenye shahada ya uzamivu. Hakunipa pole. Aliniuliza kwetu ni nyuzi ngapi. Nikamwambia tano. Akasema, "Kwetu sita. Nunua taa, halafu nenda kwa daktari. Usifanye kimoja ukaacha kingine."

Baadaye nikaja kusoma kwamba hata aliyeipa hali hii jina alikuwa mtu wa kutoka huku chini. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili, alihama Johannesburg akaenda New York miaka ya 1970 kuendelea na mafunzo, na huko akaona baridi ikiingia nguvu zinamwishia, ikiondoka zinarudi. Mwaka 1984 yeye na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha maelezo ya kitabibu ya sonona ya majira, na tiba waliyoijaribu ilikuwa mwanga mkali. Vipeperushi vyote vya chuo, vyenye picha za watu wakicheka kwenye nyasi, havikunifariji kama habari hiyo moja. Nilijiona nina kaka.

Sasa taa yenyewe. Boksi lake limeandikwa 10,000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni. Hizo ni luksi, kipimo cha mwanga unaofika mahali. Ofisi yenye taa za kawaida ina luksi 300 hadi 500 hivi. Nje, juani, saa sita mchana, zinaweza kufika laki moja. Elfu kumi ndicho kiwango kilichozoeleka kwenye tiba hii, dakika 20 hadi 30 kila asubuhi, mapema baada ya kuamka. Lakini kuna kitu kimeandikwa ubavuni mwa boksi kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: sentimita 15. Yaani hizo elfu kumi unazipata ukiwa umbali huo. Sentimita kumi na tano ni pua yako na kikombe chako cha chai. Hakuna binadamu anayekaa hivyo nusu saa, labda awe anatolewa kibanzi jichoni.

Nikapakua programu ya simu ya kupimia mwanga. Si kipimo cha maabara, ila inatosha kumkamata muuzaji. Nikaisimamisha taa pale ambapo mtu yeyote angeisimamisha, nyuma ya sahani ya mkate, sentimita 40 hivi kutoka usoni. Ilisoma elfu mbili na kidogo. Mwanga ukiusogeza mbali haupungui taratibu, unaporomoka. Kwa hiyo ukienda kununua usiulize luksi ngapi, uliza luksi ngapi kwa umbali gani, na uchukue kibao kikubwa kuliko changu, maana kikubwa kinakuruhusu kukaa mbali ukala kama mtu. Wale wanaouza za pauni 80 na 100 niliwaona wezi. Baadhi yao nawaomba radhi.

Namna ya kuitumia: huikodolei macho. Unaiweka upande kidogo, macho wazi, unaendelea na chai yako au kitabu, mwanga unakuingia wenyewe. Inafanya kazi kupitia macho na si ngozi, na taa iliyotengenezwa vizuri imechujwa miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, kwa hiyo shangazi yangu aliyesema nimeenda kujichubua kwa umeme atulie.

Siku nne za kwanza kichwa kiliniuma na macho yakawa kama yameingiwa mchanga. Nikashuka hadi dakika kumi, nikawa napandisha kidogokidogo. Siku ya nane, au ya tisa, niliamka kabla ya kengele ya simu. Sikuwa na furaha, msije mkanielewa vibaya. Nilikuwa macho tu, kama mtu wa kawaida anavyokuwa macho asubuhi. Nilienda jikoni nikasugua sufuria, na nyingine mbili zisizo zangu.

Mwanzoni mwa Desemba nikajifanya mjanja. Nilikuwa na insha ya kuwasilisha, nikaiwasha taa saa mbili usiku ili inikesheshe. Ilinikeshesha kweli. Nilipata usingizi saa kumi alfajiri, na siku tatu zilizofuata zikawa vurugu. Mwanga wa asubuhi unaiwahisha saa ya mwili, wa usiku unaichelewesha. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimesema, nami nilikitumia kuegeshea dirisha.

Kwa haki niseme kwamba si madaktari wote wanaoisifu taa hii kwa sauti moja. Huduma ya afya ya Uingereza inasema ushahidi wake umechanganyika, na kwa kawaida hawakupi, unajinunulia mwenyewe. Mimi ni mtu mmoja, na kwenye takwimu za samaki samaki mmoja hatumhesabu. Tena nina tatizo lingine la kuipa taa hii maksi zake: sijui nafuu yangu ilitoka kwenye taa kiasi gani, na kwenye simu ya mama kiasi gani.

Maana nusu saa ya kukaa pahali pamoja bila kuinuka ni ndefu. Saa moja na nusu asubuhi ya Aberdeen ni saa nne na nusu ya Kigoma, na muda huo mama ameshageuza dagaa mara ya kwanza, amekaa kivulini. (Kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti yetu ilikuwa saa mbili. Siku hiyo Waingereza wanarudisha saa nyuma, ikawa tatu. Nilimweleza mama. Akauliza, "Wanairudisha wapi?") Basi nikawa nampigia kila siku taa ikiwa inawaka. Zamani nilikuwa nampigia Jumapili tu, nimejiandaa, nimefunga kilemba, nasema huku salama, masomo mazuri, baridi kidogo. Sasa akawa ananiona kila siku jinsi nilivyoamka, na upande mmoja wa uso mweupe kwa mwanga.

"Mwakeye," ananisalimia kwa Kiha. "Leo tena uko kwa mpiga picha?"

Nikamwambia ni taa ya kusomea. Nilimwambia hivyo wiki tatu. Siku moja katikati ya Desemba akanionyesha dagaa waliolowa na mvua ya usiku. Alikuwa anaipitisha simu juu yao, wamelala wamegeuka rangi, na mawingu hayana dalili ya kuondoka, nikajikuta nasema, "Mama, na mimi niko kama hao." Akanyamaza. Nikamweleza yote, kwa maneno ya kuokoteza, maana yenyewe hasa sikuwa nayo. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula mno. Akauliza kama ile taa ndiyo ya mambo hayo. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi isogeze karibu."

Na hakuwa amesoma ubavu wa boksi.

Kitu ambacho taa haikukigusa hata kidogo ni upweke. Iliniamsha, basi. Ukishaamka bado ni wewe peke yako na ukuta. Kwa hiyo huduma ya ushauri nasaha ya chuo nayo niiseme, ingawa kwa ufupi. Haina malipo kwa mwanafunzi. Unajaza fomu mtandaoni, kisha unasubiri, na mimi nilisubiri wiki tano. Hiyo ni mbaya, siipambi. Niliomba Novemba, nikaonwa mara moja kabla ya Krismasi, ofisi ikafungwa hadi Januari, kipindi ambacho hosteli inakuwa kama meli iliyotelekezwa. Ukipata nafasi ni vikao sita vya dakika hamsini, na cha sita ni cha sita kweli.

Kikao cha kwanza kilianza na karatasi ya maswali tisa, ileile niliyopewa na daktari: kwa wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na hiki mara ngapi, na unajipa sifuri hadi tatu. Kwa mtu aliyelelewa kwenye salamu, karatasi hiyo ni mtihani mgumu. Sisi ukiulizwa habari unajibu nzuri hata kama uko njiani kwenda kuzika. Shida inakuja baada ya "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Salama, ila mzee ametutoka. Karatasi ile haina mahali pa "ila", kwa hiyo kwa adabu zangu nilijaza sifuri karibu kote. Watu wa Aberdeen nao wana yao. Wanakuuliza "Fit like?", na jibu linalotegemewa ni "Nae bad", si mbaya, halafu kila mtu anashika njia yake. Nilimweleza mshauri, mama wa makamo wa kulekule, habari hii ya "ila" yetu. Akaigeuza karatasi upande mtupu, akaniuliza linaandikwaje, akaliandika katikati kwa herufi kubwa: ILA. Tukaanzia hapo.

Alinipa kazi mbili tu. Ya kwanza, kutoka nje saa sita mchana hata kukiwa na mawingu, kwa sababu nje, hata chini ya mawingu, bado kuna mwanga mwingi kuliko chumba chenye taa za kawaida. Nikawa navuka kwenda upande wa Torry, mdomoni mwa bandari, ambako pomboo huonekana wakiruka meli zikiingia. Mtoto wa Kibirizi akiona bandari anatulia, hata ikiwa upepo unataka kumvua masikio. Ya pili, mlo mmoja kwa wiki nisiule peke yangu. Alhamisi ikawa kwa yule dada wa Kighana. Tulipata chupa ndogo ya mawese kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, kwa bei ya kumfanya mtu wa Kigoma aombe kiti, tukabishana wiki nane kuhusu nani anajua kupika maharage.

Mambo machache kwa anayekwenda. Ukiomba viza ya Uingereza unatozwa ada ya huduma ya afya: wakati wangu mwanafunzi alilipa pauni 470 kwa mwaka, tangu Februari 2024 ni 776. Umeshalipa, kwa hiyo jisajili kwa daktari wa eneo lako wiki ya kwanza, ukiwa mzima, usingoje siku usiyoweza kuamka. Uskoti dawa za cheti cha daktari hazilipiwi dirishani. Vitamini D mikrogramu 10 kwa siku wanaishauri kwa kila mtu majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi wanatushauri tuifikirie mwaka mzima. Na kama usiku mawazo yamegeuka yakawa ya kutotaka kuishi, Uingereza nzima kuna namba ya Samaritans, shirika la kusikiliza watu waliozidiwa, 116 123, bure, saa 24. Swali la tisa la ile karatasi linahusu hilo. Mimi pale niliandika sifuri na ilikuwa ya kweli, lakini nilikaa na kalamu kidogo.

Maksi: taa hii naipa tatu na nusu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya zile sentimita, nusu kwa kichwa kuuma. Ninunue tena? Ndiyo, kubwa zaidi, na Oktoba, kabla sijaanza kulala. Usiinunue kabla ya kuongea na daktari kama una ugonjwa wa macho, kama unatumia dawa zinazofanya mwili uudhike na mwanga, au kama umewahi kuwa na hali ya kupanda na kushuka, siku hulali na unajiona mfalme, siku huinuki. Mtu wa namna hiyo, mwanga mkali unaweza kumpandisha pabaya.

Plagi yake ni pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo niliporudi Septemba 2024 nilidhani nitaiweka kabatini kama kumbukumbu. Haikulala kabatini wiki mbili. Mdogo wangu anatengeneza simu sokoni Mwanga, akaiona, akasema kwa mwanga huu skrubu za simu zinaonekana kama misumari ya bati. Hadi leo iko kwenye meza yake, inawaka kutwa, isipokuwa umeme ukikatika. Wateja wanadhani ni mashine ya kupimia betri, na yeye hawakatalii.

Sasa kuna kijana wa jirani amepata nafasi ya kusoma Poland, anaondoka karibuni. Mama yake alikuja kuniuliza mambo ya makoti. Nimempa kijana taa. Mdogo wangu ameomba akae nayo hadi mwisho wa mwezi amalizie simu za watu. Soketi za Poland ni za pini mbili za duara, kwa hiyo adapta atanunua mwenyewe. Mimi nimeshachukua kalamu ya wino mzito nikaandika mgongoni mwa kibao: SENTIMITA 15.